Sindano mkobani, mpaka mbele: Namna ya kujifunza kufuma kazi mpya bila kuua mtaji

Mkoba wa mfanyabiashara anayevuka mpaka huwa na vitu vinavyojulikana: kitambulisho au hati ya kusafiria, stakabadhi za mzigo, simu, na kitenge cha kujifunika basi linapoingia nyanda za baridi. Kwa baadhi ya akina mama, mkobani humo huwamo pia sindano mbili za kufumia na donge la uzi.

Foleni ya forodha ikisimama, mikono yao inaendelea. Mara nyingi kazi huwa ni ileile: kofia ya mtoto, kitambaa cha kochi, au skafu ndefu isiyo na kona. Mkono umeizoea kiasi kwamba jicho halihitaji kutazama. Ni starehe isiyo na gharama kubwa, na mara mojamoja jirani huipenda na kuinunua.

Shida huanza starehe hiyo inapogeuka oda. Mtu aliyefuma skafu miaka mitano anaombwa masweta ishirini ya watoto. Anakubali, anatoa mtaji wote kununua uzi, anafuma usiku na mchana. Siku ya kukabidhi, sweta haliingii kichwani kwa mtoto, au mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, au rangi ya kifua si rangi ya mgongo. Mzigo unarudi nyumbani pamoja na deni.

Anayepatwa na hayo si lazima awe mvivu au asiyejua kazi. Alichokosea ni kurukia kazi yenye mambo matano mapya kwa mpigo, tena kwa uzi wa mtaji. Wafumaji waliodumu hupanda ngazi kwa namna nyingine: kila kazi inafundisha jambo jipya moja tu, na jambo hilo hujaribiwa kwenye kitu kidogo.

Jambo jipya moja kwa kazi moja

Anayejua kufuma skafu hayuko mbali na sweta kama anavyodhani. Tayari anajua kitanzi cha mbele na kitanzi cha nyuma, na sehemu kubwa ya mavazi ya kufumwa imejengwa kwa hivyo viwili. Kinachobaki ni umbo: kuzungusha, kupunguza, kuongeza na kuunganisha.

Kofia ndiyo hatua ya kwanza inayofaa. Inafundisha kufuma kwa mduara, yaani bila mshono, kwa kutumia sindano ya mduara. Hiyo ni sindano moja yenye ncha mbili fupi zilizounganishwa kwa waya laini wa plastiki. Kofia inafundisha pia kupunguza vitanzi hadi utosi ufunge. Gramu 100 za uzi wa unene wa kati humtosha mtu mzima. Ikiharibika, hasara ni jioni mbili, na uzi wenyewe hufumuliwa ukaanza upya.

Baada ya kofia hufuata soksi ya mtoto. Kufuma kwa mduara si jambo geni tena, hivyo akili yote huelekezwa kwenye kisigino, pale mfumaji anaporudi nyuma kabla ya kufika mwisho wa mstari ili kitambaa kijipinde. Wengi hukiogopa kisigino, lakini anayekifuma mara tatu hukizoea.

Hatua ya tatu ni sweta la mtoto mchanga. Vazi hili dogo lina karibu kila kitu kilichomo kwenye sweta la mtu mzima: mwili, mikono miwili, shingo na matundu ya vifungo. Lakini linakula gramu 100 hadi 150 tu, wakati sweta la mtu mzima huweza kufika gramu 500. Ni darasa la bei nafuu, na likitoka vizuri lina mnunuzi, kwa kuwa zawadi ya mtoto mchanga haishindanishwi sana na bei ya kiwandani.

Mapambo hufuata utaratibu huohuo. Msuko, ambao hupatikana kwa kuvusha vitanzi vichache mbele ya vingine, ujaribiwe kwanza kwenye ukingo wa kofia. Maua ya rangi mbili yajaribiwe pia kwenye kofia. Uzi usiotumika hupita nyuma ya kitambaa, na ukivutwa sana kofia nzima hukunjamana. Ni afadhali kuligundua hilo kwenye kofia moja kuliko kwenye masweta ishirini.

Kipande cha majaribio

Hasara nyingi za wafumaji huanzia mahali pamoja: kuanza vazi bila kupima mkono.

Watu wawili wakipewa uzi mmoja na sindano za namba moja, vitambaa vyao havitalingana. Mmoja hubana uzi, mwingine huuachia. Ndiyo maana kabla ya vazi hufumwa kipande cha majaribio, mraba wa sentimita 15 hivi. Hufuliwa na kukaushwa, kisha huhesabiwa vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10 za katikati. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 4, maelezo mengi hutarajia vitanzi 22.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme sweta linatakiwa kuwa na mzunguko wa sentimita 70, na maelezo yanasema waanzwe vitanzi 154. Aliyepata vitanzi 22 kwa kila sentimita 10 atatoka na sentimita 70 kamili. Mwenye mkono mlegevu aliyepata 20 atatoka na sentimita 77. Mwenye mkono wa kubana aliyepata 24 atatoka na sentimita 64, na sweta hilo litambana mtoto wakati wa kulivaa.

Tofauti ya vitanzi viwili, isiyoonekana kwa jicho, ndiyo inayoamua kama mzigo utapokewa au utarudishwa. Dawa yake ni kubadili sindano: mkono ukibana, ipandishwe namba, ukilegea, ishushwe. Kipande kipya hufumwa mpaka hesabu ikubali. Saa moja ya kazi hii huokoa wiki nzima.

Uzi wa mkupuo mmoja

Mfanyabiashara wa mpakani ana faida moja ambayo mfumaji wa kijijini hana: anafika kwenye masoko mengi ya uzi. Eldoret, kwa mfano, ni mji wenye viwanda vya nyuzi na mablanketi, na maduka ya jumla ya Nairobi na Kampala huuza uzi kwa kilo.

Lakini faida hiyo ina mtego wake. Uzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na kila mkupuo huwa na namba yake, ambayo kwa kawaida huandikwa kwenye karatasi inayozungushiwa donge. Nyekundu ya mkupuo wa leo na nyekundu ya mkupuo wa mwezi ujao huweza kufanana dukani na kutofautiana juani. Anayenunua nusu ya uzi safari hii na nusu safari ijayo hujikuta na sweta lenye mstari kifuani.

Kwa hiyo uzi wa oda moja hununuliwa siku moja, namba ikiwa moja, na donge la ziada likiongezwa. Mtaji usipotosha, ni heri kupunguza oda kuliko kugawanya ununuzi. Aliyelazimika kuchanganya mikupuo miwili huweza kuificha tofauti kwa kufuma mistari miwili kutoka donge hili na miwili kutoka donge lile, au kwa kutenga mkupuo mmoja kwa ajili ya kingo za mikono na shingo.

Karatasi hiyohiyo hueleza uzi umetengenezwa kwa nini. Akriliki ni nafuu, hufuliwa bila masharti na hufaa nguo za shule. Sufu hupasha joto zaidi, lakini ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hujikunja na kuwa ngumu kama jamvi. Pamba ni ya watoto wa maeneo ya joto. Karatasi ikiwa imepotea, kipande kifupi cha uzi kichomwe kwa uangalifu: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, na akriliki huyeyuka ikawa tone gumu.

Mtumba kama mwalimu

Kuna mwalimu asiyedai ada ambaye yuko katika kila soko la mitumba: sweta kuukuu lililofumwa vizuri.

Anayetaka kujua shingo ya V inavyotengenezwa, au mkono unavyounganishwa na bega, hununua sweta la bei ya chini na kulifumua polepole kuanzia shingoni kushuka chini, akihesabu na kuandika. Kila mstari unaoachia humwonyesha vitanzi vilipunguzwa wapi na mara ngapi. Akimaliza amepata somo na uzi pia.

Si kila sweta linafaa. Ligeuzwe ndani nje na mishono itazamwe. Kama vipande vilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa uzi, vitafumuka kwa uzi mmoja mrefu. Kama vilikatwa kwa mkasi kutoka kwenye kitambaa na kushonwa kwa overloki, mfumuaji atabaki na vipande vifupi visivyo na kazi. Sweta lililojikunja kwa kufuliwa vibaya, ambalo vitanzi vyake havionekani, nalo liachwe.

Uzi uliofumuliwa hutoka umejipindapinda. Huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, ukafungwa sehemu nne ili usivurugike, kisha huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu na kuning'inizwa ukiwa na uzito mdogo chini yake. Ukikauka huwa umenyooka.

Tahadhari moja ni ya mpakani. Sheria za mitumba hazifanani katika nchi zote. Rwanda, kwa mfano, ilipandisha sana ushuru wa nguo kuukuu mwaka 2016. Basi mtumba uwe darasa la nyumbani, na asiwepo wa kuuvusha kabla ya kuuliza ushuru wake.

Hesabu moja, saizi zote

Oda ya shule haiji na saizi moja. Huja na watoto wa darasa la kwanza na wa darasa la saba kwa pamoja. Anayetegemea maelezo ya vazi moja hukwama saizi ya pili.

Mfumaji Elizabeth Zimmermann, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1910 na kufanya kazi zake Marekani, alieneza njia inayotoa vipimo vyote kwenye namba moja. Namba hiyo ni vitanzi vya mzunguko wa mwili, vinavyohesabiwa kama asilimia 100. Kifundo cha mkono huanza na asilimia 20. Mkono hupanuliwa hadi asilimia 33 hivi unapofika kwapani. Shingo hubaki na asilimia 40.

Kwa sweta lile la sentimita 70, mfumaji mwenye vitanzi 20 kwa sentimita 10 ataanza na vitanzi 140. Kifundo kitakuwa na vitanzi 28, mkono utafika 46, na shingo itakuwa 56. Kwa mtoto mdogo shingo iongezwe kidogo, kwa sababu kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na kifua. Saizi ikibadilika, namba ya kwanza tu ndiyo inayopimwa upya, nyingine zinafuata.

Daftari dogo lenye hesabu za kila saizi iliyowahi kufumwa, pamoja na aina ya uzi na namba ya sindano, huwa na thamani kuliko sindano zenyewe. Oda ikirudi mwakani, hakuna kubahatisha.

Walimu wako ng'ambo ya pili

Ujuzi wa kufuma katika ukanda huu umetawanyika, na mara nyingi ule anaoukosa mtu wa upande mmoja uko upande wa pili.

Huko Njoro, karibu na Nakuru nchini Kenya, kikundi cha Kenana Knitters kilichoanza mwaka 1998 kimewapa kazi wanawake wa vijijini wanaosokota sufu kwa mkono, kuitia rangi za mimea na kufuma wanasesere wa wanyama wanaouzwa nje ya nchi. Somo kwa mfanyabiashara ni kwamba hawakushindana na sweta la kiwandani. Walichagua kitu kidogo, kinachokula uzi mchache na ambacho mkono wa mtu huonekana ndani yake.

Rwanda ilipita njia nyingine. Mwaka 2003 mradi wa Rwanda Knits, ulioanzishwa na Cari Clement wa Marekani, uliwafundisha wanawake, wakiwemo wakimbizi, kutumia mashine za kufumia zinazoendeshwa kwa mkono bila umeme. Mashine ya namna hiyo hufuma kitambaa cha kawaida haraka kuliko sindano, na aliyekwisha kuelewa vitanzi na vipimo kwa mkono huijifunza upesi.

Kwa anayetaka mafunzo rasmi, Tanzania ina vyuo vya VETA vinavyofundisha ufundi wa nguo na SIDO inayowasaidia wajasiriamali wadogo. Nchi jirani nazo zina vyuo vyao vya ufundi. Yako pia maonyesho ya wajasiriamali wadogo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo wengi bado huyaita Jua Kali au Nguvu Kazi. Yalianza mwaka 1999 na huzunguka kutoka nchi mwanachama moja hadi nyingine. Mfumaji akipita hapo hata bila kuwa na meza, huona kazi za nchi kadhaa kwa siku moja, akagusa, akauliza bei na kumfahamu mwenye kazi.

Na lipo darasa la kila siku la sokoni. Anayemkuta mwenzake mpakani ana kofia yenye msuko asioujua huweza kuomba kuonyeshwa, naye akamfundisha mwenzake kisigino cha soksi. Elimu ya mkono haimpungukii anayeitoa.

Januari na Septemba

Mkono peke yake haulishindi sweta la kawaida la mashine kwa bei. Sweta la mtu mzima hula jioni nyingi, na mnunuzi wa sare hatalipia jioni hizo. Anayefuma kwa sindano atafute mahali ambapo kazi ya mkono inalipa: mavazi ya watoto wachanga, kofia na soksi za nyanda za baridi, zawadi, na vitu vyenye pambo. Sare za shule ziwe za mwenye mashine, au za vikundi vinavyogawana kazi.

Kwa hao wa sare, mpaka unatoa kitu ambacho soko la nchi moja halitoi. Kenya na Tanzania hufungua mwaka wa masomo Januari, na Uganda hufuata punde. Rwanda, Burundi na Kongo huanza Septemba. Mfumaji anayeuza nchi moja ana msimu mmoja mkubwa wa sare. Anayefahamu kalenda za pande mbili ana miwili, na miezi ya katikati huwa ya kujifunza.

Baridi nayo ina kalenda yake. Juni hadi Agosti ni miezi ya makoti Limuru, Njombe na Makete. Kabale na Kisoro, zilizoko kwenye vilima vya kusini magharibi mwa Uganda karibu na mipaka ya Rwanda na Kongo, huwa na usiku wa baridi mwaka mzima. Kofia iliyojaribiwa Machi huwa imekwisha kunyooka mkononi ifikapo Juni.

Kabla ya kuvusha

Jumuiya ina Utaratibu Rahisi wa Biashara kwa wafanyabiashara wadogo. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya Jumuiya na uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupewa Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa hapohapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani huweza kubaki.

Maneno ya kushika hapo ni "uliozalishwa ndani ya Jumuiya". Uzi uliotoka nje ya Jumuiya na kupitishwa tu hauwi wa Afrika Mashariki kwa kubadilisha gari. Kwa hiyo stakabadhi za uzi zitunzwe, na ofisa wa forodha aulizwe kama vazi linalokusudiwa limo kwenye orodha. Swali hilo huulizwa kabla ya kuanza oda, siku ya kwenda kununua uzi, mfumaji anapopita mpakani mikono mitupu.

Safari hiyohiyo inatosha kwa hatua ya kwanza. Donge moja la ziada, sindano ya mduara, na foleni ya kurudi nyumbani: kipande cha majaribio cha sentimita 15 huweza kuwa kimekamilika kabla basi halijafika.